Meza ya Mjazaji: Kumbukumbu za Kujaza Upya Risasi za Bastola

Kujaza upya risasi ni kazi ya kulichukua ganda ambalo limekwisha kufyatuliwa, kulirudisha katika umbo na kipimo chake cha awali, kisha kulitia fataki mpya, baruti mpya na kichwa kipya ili liweze kutumika tena. Na nchini Marekani, ambako sheria ya shirikisho humruhusu raia kuifanya nyumbani kwa matumizi yake mwenyewe bila leseni ya mtengenezaji, kazi hiyo imekuwa kwa zaidi ya karne moja sehemu ya maisha ya watu wanaopenda kulenga shabaha. Wasioijua hudhani kuwa hatari yake kubwa ni mlipuko utakaomkuta mjazaji akiwa kazini, na ndiyo maana swali la kwanza la mgeni anayeshuka kwenye chumba cha chini ya nyumba na kukuta makopo ya baruti rafuni huwa ni kama nyumba haiwezi kuruka. Mazoea ya kazi yenyewe yanaonyesha jambo tofauti. Kosa la mjazaji kwa kawaida halimdhuru pale alipolifanya, bali hufungiwa ndani ya ganda, likapangwa kwenye boksi pamoja na risasi nzima zinazofanana nalo kwa kila kitu kinachoonekana kwa macho, na likakaa humo wiki au miaka hadi siku litakapofyatuliwa karibu na uso wa mtu. Kwa sababu hiyo meza ambayo kazi hufanyiwa haiwezi kuhesabiwa kuwa kiegemeo cha mashine tu, kwa maana ndiyo inayoamua kama kosa litaonekana kabla ya kufungiwa au halitaonekana, na kumbukumbu hizi zitaizungumzia meza kuliko zitakavyoizungumzia mashine.

Yanayoelezwa humu yametokana na miaka ambayo mwandishi aliishi katika jimbo la Ohio na kujifunza kazi hii kwa jirani yake, mzee aliyestaafu baada ya kutumia umri wake wote kwenye mashine za kukereza vyuma, ambaye hakuwa mwepesi wa maneno lakini hakuruhusu kitu chochote kikae juu ya meza yake pasipo sababu.

Ili mambo yafuatayo yaeleweke, ni lazima sehemu za risasi zitajwe kwa majina yake. Risasi kamili ya bastola ina sehemu nne: ganda, ambalo hutengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba na zinki na ndilo pekee linaloweza kutumika zaidi ya mara moja, fataki, yaani kikombe kidogo chenye kemikali inayowaka inapogongwa, ambacho hukaa katikati ya kitako cha ganda, baruti, ambayo siku hizi ni ile isiyotoa moshi mwingi, iliyobuniwa na Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884, na kichwa, yaani kile kipande cha madini ya risasi, aghalabu kikiwa kimevishwa shaba, kinachotoka kwenye mtutu na kwenda kwenye shabaha. Ganda la shaba hutanuka wakati wa mlio, likabana kuta za chemba ya bastola ili gesi isivuje, kisha likanywea kidogo na kuweza kutolewa, na ni uwezo huo wa kutanuka na kurudi bila kupasuka unaoiwezesha kazi nzima ya kujaza upya.

Hata hivyo shaba peke yake haikutosha. Mwaka 1866 watu wawili, kila mmoja kwa njia yake, walisajili namna ya kuiweka fataki katikati ya kitako. Wa kwanza alikuwa Edward Mounier Boxer, ofisa wa jeshi la Uingereza aliyesimamia maabara ya silaha ya Woolwich, na wa pili alikuwa Hiram Berdan, Mmarekani aliyekuwa ameongoza kikosi cha walenga shabaha katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Fataki ya Boxer hubeba ndani yake kipande kidogo cha chuma kinachopokea pigo, kwa hiyo ganda lake huhitaji tundu moja tu la kupitishia moto, nalo liko katikati kabisa. Ilhali katika mpango wa Berdan kipande hicho ni sehemu ya ganda lenyewe, na moto hupita kwenye matundu mawili yaliyo pembeni. Tofauti hiyo ndogo ilileta matokeo makubwa, kwa kuwa tundu la katikati humruhusu mjazaji kupitisha pini nyembamba kutoka mdomoni mwa ganda na kuisukuma nje fataki iliyokwisha kutumika kwa tendo moja, jambo ambalo haliwezekani kwa matundu ya pembeni. Na kinyume na vile mtu angetarajia, Wamarekani ndio walioushika mpango wa Mwingereza, huku ule wa Mmarekani ukienea zaidi katika majeshi ya Ulaya, na hivyo Marekani ikawa nchi ambayo ganda lililookotwa chini karibu daima ni ganda linaloweza kujazwa tena.

Wawindaji wa nyati wa nyika za Marekani katika miaka ya 1870 walijaza maganda yao kambini, mbali na duka lolote. Karne iliyofuata, baada ya Vita Kuu ya Pili, Bruce Hodgdon wa jimbo la Kansas alinunua shehena za baruti za kijeshi zilizobaki na kuwauzia raia kwa bei ndogo, na kutokana na baruti hiyo ya bei rahisi jambo lililokuwa la wachache likaenea katika magereji na vyumba vya chini vya nyumba za kawaida. Wengine hawakuishia kujaza tu. Majaribio ya Elmer Keith, mfugaji na mwandishi wa Idaho, ni miongoni mwa yale yaliyozaa risasi ya .44 Magnum mwaka 1955, ingawa mfano wake haufai kufuatwa na mtu asiye na maabara, kwa sababu Keith mwenyewe alitafuta kwa makusudi mipaka ambayo mjazaji wa nyumbani anapaswa kukaa mbali nayo.

Msomaji wa Afrika Mashariki atatambua sehemu ya habari hii kutokana na gobore, bunduki inayoshindiliwa baruti na gololi kupitia mdomo wa mtutu, ambayo mwenyewe ndiye mjazaji wake kila apigapo. Zaidi ya hapo mfanano unakoma. Kutengeneza risasi nchini Tanzania ni jambo linalosimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na nchini Kenya na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na kazi yenyewe hufanywa na viwanda vya dola, yaani Mzinga mjini Morogoro na kile cha Eldoret. Hivyo meza inayoelezwa hapa ni ya Marekani, na ibaki huko.

Risasi ambayo wanafunzi wengi wa kazi hii huanzia ni .38 Special, ya bastola ya silinda, iliyotolewa na kampuni ya Smith & Wesson mwishoni mwa karne ya 19. Ganda lake limenyooka toka kitako hadi mdomo, shinikizo lake ni la chini, na maganda yake hudumu sana. Kila kitu kinaelekea kumpendelea mwanafunzi. Mtego wake umo katika historia yake. Ganda hilo lilipimwa kwa ajili ya baruti nyeusi, ambayo ni nyingi kwa ujazo na ililijaza karibu lote, lakini baruti ya sasa ina nguvu kiasi kwamba kipimo cha kawaida cha kulengea shabaha huchukua sehemu ndogo ya chini tu, na nafasi iliyobaki ni tupu. Maana yake ni kwamba mjazaji akisahau kuwa ganda amekwisha kulitia baruti, akalitia mara ya pili, baruti hiyo maradufu itaingia yote bila kumwagika, kichwa kitakaa juu yake kama kawaida, na hakuna kitakachoonekana kwa nje. Katika risasi ya bunduki yenye ganda lililojaa karibu hadi shingoni, ujazo wa pili humwagika mezani na kumshtaki mwenyewe, lakini katika .38 Special hakuna wa kumshtaki isipokuwa macho yake.

Uzito wa jambo hili huonekana zaidi pale vipimo vinapotazamwa. Baruti hupimwa kwa greni, kipimo cha zamani cha Kiingereza ambacho 7,000 zake hufanya pauni moja, na greni moja ni takriban miligramu 65. Taasisi ya watengenezaji wa silaha na risasi wa Marekani iitwayo SAAMI, iliyoundwa mwaka 1926, imeiwekea .38 Special ya kawaida shinikizo la juu kabisa la pauni 17,000 kwa inchi ya mraba, yaani takriban megapaskali 117, na risasi ya milimita 9 ikawekewa pauni 35,000, zaidi ya maradufu. Risasi hiyo ya milimita 9, kwa kuwa nafasi ya ndani ya ganda lake ni finyu, ina ukali wa namna nyingine: kichwa kikisukumwa ndani kidogo kuliko kinavyotakiwa, nafasi ya gesi hupungua na shinikizo hupanda kwa kasi, hata kama baruti ilipimwa sawasawa. Ndiyo sababu vitabu vya wajazaji hutaja, pamoja na kiasi cha baruti, urefu kamili wa risasi iliyokamilika, na kalipa, yaani kipimio cha chuma chenye taya mbili, huwa miongoni mwa vyombo vya kwanza kununuliwa. Viwango vya baruti vyenyewe havitatajwa katika kurasa hizi, kwa kuwa mahali pake ni kitabu cha mtengenezaji wa baruti husika katika toleo lake la karibuni, wala hakuna mtu mwenye busara anayevichukua kutoka kwa jirani, awe fundi wa namna gani.

Kutokana na hayo ndipo sura ya meza ilipotokea. Ile aliyoijenga mwandishi chini ya uangalizi wa mzee ilianza na bamba moja la plaiwudi la futi 4 kwa 8, unene wa robo tatu ya inchi, lililopasuliwa kwa urefu likawa vipande viwili vya upana wa sentimita 61, na vipande hivyo vikapandanishwa kwa gundi ya mbao na skrubu zilizopigwa kutoka chini, hadi juu ya meza pakawa na unene wa karibu milimita 38 bila kichwa hata kimoja cha skrubu kinachoonekana. Miguu ilikuwa ya mbao ziitwazo za inchi nne kwa nne, ambazo kwa hakika zina inchi tatu na nusu tu kila upande, kwa maana mbao za Marekani huuzwa kwa vipimo zilivyokuwa navyo kabla ya kukaushwa na kurandwa, na mgeni anayechora mchoro wake kwa kuyaamini majina hayo huishia na viungo visivyokutana. Nyuma, meza ilifungwa kwa bolti ndefu kwenye nguzo za ndani ya ukuta, ambazo katika nyumba za mbao za nchi hiyo husimamishwa kwa nafasi ya inchi 16 kutoka katikati ya moja hadi katikati ya nyingine, na chini ya kila mguu kuliwekwa kipande cha plastiki ngumu, kwa kuwa sakafu ya zege ya chumba cha chini hutoa unyevu majira ya joto na mbao huunyonya kama utambi.

Mashine yenyewe, presi, ni fremu ya chuma yenye mkono mrefu. Mkono unaposhushwa, nguzo fupi iliyobeba ganda hupanda na kulisukuma ganda ndani ya kalibu, yaani bomba gumu lililokerezwa kwa kipimo halisi, ambalo hulibana na kulirudishia unene wake. Nguvu hiyo yote huishia kwenye ukingo wa mbele wa meza, ambao kila mara huvutwa chini na upande wa nyuma ukataka kuinuka. Watu wengi huifunga presi katikati ya meza kwa sababu hapo ndipo panapopendeza macho, nako ndiko mbao hupinda zaidi. Mahali pake ni juu ya mguu au karibu nao sana, kwa bolti zinazopita mbao zote mbili na kukazwa chini kwa bamba la chuma badala ya washa ndogo, ambazo baada ya mwaka huzama ndani ya plaiwudi na kulegea. Mzee alikuwa na jaribio lake la kuipima meza mpya: aliweka bilauri ya maji upande wa pili, akalirudishia umbo ganda moja kwenye presi, na akayatazama maji. Yalipotikisika kwa mawimbi, aliongeza ubao wa mshazari kati ya miguu na kujaza rafu ya chini kwa maboksi ya vichwa vya risasi, ambavyo kwa uzito wake huituliza meza kuliko msumari wowote.

Utulivu huo si anasa ya fundi. Kipimio cha baruti, ambacho ni bomba la wima lenye ngoma inayozungushwa kwa mkono na kutoa ujazo uleule kila inapogeuzwa, hupima kwa nafasi na si kwa uzito, na baruti iliyotikiswa hushikamana zaidi kuliko ile iliyotulia. Meza inayotikisika kwa namna moja asubuhi na kwa namna nyingine jioni hutoa vipimo visivyolingana ingawa hakuna aliyegusa skrubu ya kurekebishia. Mizani ni nyeti zaidi. Ile ya mhimili, inayofanya kazi kwa kulinganisha uzito pande mbili na kusomwa kwa mshale mdogo, huyumbishwa hata na pumzi ya mtu na upepo wa kiyoyozi, na ikisomwa kutoka juu mshale huonekana umesimama mahali usiposimama. Kwa hiyo haikai juu ya meza ya presi. Huwekwa kwenye rafu yake ndogo iliyofungwa ukutani, usawa wa macho ya mtu aliyeketi, na kila kazi inapoanza hukaguliwa kwa vipande vya uzito unaojulikana. Mizani za elektroniki ni za haraka, lakini husumbuliwa na taa za umeme za mirija na simu iliyoachwa karibu, na yeyote anayezitumia peke yake bila vipande vya kuhakikishia anaiamini namba kwa sababu tu inawaka.

Juu ya meza hukaa kopo moja tu la baruti, nalo ni lile linalotumika wakati huo. Kanuni hii ndiyo ambayo mzee hakuwahi kuilegeza. Baruti za aina mbalimbali hufanana sana, nyingine vijiduara vidogo vyeusi, nyingine vijipande bapa vya kijivu, na mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kutofautiana mno kwa kasi ya kuwaka. Kilichobaki ndani ya kipimio hurudishwa kwenye kopo lake kabla ya taa kuzimwa, kwa sababu kesho yake hakuna mwenye hakika kilikuwa nini. Baruti ambayo jina lake limepotea haijaribiwi wala haihifadhiwi. Hunyunyizwa nyembamba kwenye majani ya uwanjani, ambako nitrojeni iliyomo huwa mbolea.

Mpangilio wa kazi wenyewe hufuata taa. Maganda yaliyokwisha kusafishwa katika chombo kinachotikisa chenga za magunzi ya mahindi au za maganda ya jozi hukaguliwa kwanza, na hapa sikio husaidia kuliko inavyotarajiwa, kwani maganda machache yakichezeshwa kiganjani yale mazima hulia kwa sauti kali na safi, na lile lenye ufa mwembamba mdomoni, ambao jicho limeupita, hutoa mlio uliokufa, wa kukwaruza. Yaliyofaulu hupitishwa kwenye kalibu ya kwanza, ambayo kwa bastola huwekwa pete ya kabidi, madini magumu yasiyohitaji mafuta, na hapo hapo pini husukuma nje fataki ya zamani. Kalibu ya pili hupanua mdomo kidogo tu ili kichwa kipya kisikwanguliwe. Fataki mpya hukandamizwa mpaka iwe imezama kidogo kuliko uso wa kitako, na kidole gumba hupitishwa juu ya kila moja, kwa sababu iliyochomoza inaweza kulizuia silinda lisizunguke.

Ndipo hufuata hatua ambayo meza nzima ilijengwa kwa ajili yake. Maganda yenye fataki husimamishwa kwenye ubao wa matundu 50 yakiwa yamepinduliwa, midomo ikitazama chini, na kila moja hugeuzwa tu pale linapotiwa baruti, hivyo kwamba lililosimama wima lina baruti na lililopinduliwa halina, wala hakuna lililo kati. Yakijaa yote, taa yenye shingo ya kupinda huinamishwa ili mwanga uingie ndani ya midomo, na macho hupita safu kwa safu. Hakuna haja ya kupima tena hapo, kwa kuwa jicho la binadamu ni hodari sana katika kutambua kimoja kisicholingana na wenzake: ganda lenye ujazo wa mara mbili huonekana kama limevimba kutoka ndani, na lisilo na kitu ni shimo jeusi. Baada ya hapo tu ndipo vichwa huwekwa na midomo ya maganda kubanwa, kwa mkunjo unaoshika mfereji wa kichwa katika risasi za bastola ya silinda, ili mrusho wa bastola usivivute mbele, na kwa kubanwa kwa wepesi katika zile za .45 ACP, ambazo hukaa ndani ya chemba kwa kuegemea mdomo wa ganda na hivyo mdomo huo haupaswi kupotea.

Zipo presi ambazo hufanya hatua hizi zote kwa pamoja kila mkono unaposhushwa, na mtu akizizoea hutoa mamia ya risasi kwa saa. Uzuri wake haukataliwi, lakini mwanafunzi anayeanzia hapo hufuatilia mambo manne au matano kwa wakati mmoja kabla hajajua hata moja linavyoonekana likiwa sawa, na ganda humpita bila kutazamwa ndani. Hoja ya fedha nayo hutiliwa chumvi. Ni kweli kuwa ganda ni sehemu ghali na hutumika mara nyingi, na ni kweli kuwa mwaka 2020 risasi zilipoadimika madukani wenye maganda na akiba ya fataki waliendelea kulenga shabaha huku wengine wakisubiri. Lakini waliofanya hesabu kwa uaminifu hukiri kwamba gharama ya risasi moja ilipungua na idadi ya risasi walizopiga ikaongezeka, na mfukoni pakabaki vilevile.

Madhara yasiyo na kelele yanastahili sentensi zake. Fataki nyingi zina kemikali ya madini ya risasi, na vumbi linalobaki kwenye chenga za kusafishia maganda ni sumu ambayo mwili hauitoi upesi, kwa hiyo maganda hutenganishwa na chenga nje ya nyumba, mikono huoshwa kwa sabuni na maji baridi, na mezani hapaliwi wala hapanywewi kitu. Sakafu hubaki tupu, bila zulia, kwa kuwa fataki iliyoanguka kwenye nyuzi hupatikana kwa mashine ya kufyonza vumbi, nayo ni njia mbaya ya kuipata. Kuhusu akiba, kanuni za shirika la kinga ya moto la Marekani, NFPA, huruhusu ndani ya makazi pauni 20 za baruti isiyo na moshi zikiwa katika makopo yake ya asili, na fataki zisizozidi 10,000. Kiasi kinachozidi pauni 20, hadi 50, hutakiwa kuwa kwenye kabati la mbao zenye unene wa angalau inchi moja. Wageni hushangaa kwa nini isiwe sanduku la chuma. Baruti hiyo ikiwaka mahali pa wazi hutoa mwali mkubwa na kwisha, ila ikifungiwa ndani ya chuma gesi yake hukosa pa kutokea, na sanduku lililonunuliwa kwa ajili ya usalama ndilo hugeuka bomu. Mbao hupasuka mapema na kuiachia.

Kosa la pili kwa ubaya, baada ya ujazo maradufu, ni ganda lisilo na baruti kabisa. Fataki peke yake ina nguvu ya kukisukuma kichwa hadi ndani ya mtutu na kukiacha humo, na mlio wake ni hafifu, kama wa kizibo. Mpigaji aliyezoea kasi huvuta tena, na kichwa cha pili hukuta njia imezibwa. Mtutu huvimba au kupasuka. Anayejaza hufundishwa kusimama kwa kila mlio uliopungua, kufungua silinda, na kupitisha fimbo mtutuni kabla ya jambo jingine lolote.

Kila boksi linalotoka mezani hubandikwa karatasi yenye tarehe, aina ya baruti na kipimo chake, kichwa na fataki, na hayo hayo huandikwa katika daftari. Risasi hizo hazipewi mtu mwingine, hata rafiki, kwa kuwa watengenezaji wengi wa bastola hukataa dhamana ya silaha iliyotumiwa risasi za kujaziwa nyumbani, na kuziuza kunahitaji leseni ya shirikisho kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Bunduki ya mwaka 1968. Swali la nini kifanyike kwa risasi zilizojazwa na mtu mwingine liliwafikia warithi wa mzee alipofariki, maana kati ya maboksi yake yaliyoandikwa vizuri palikuwa na kopo la risasi za .38 lisilo na karatasi, pengine la zamani kuliko daftari lenyewe. Kila moja ilifungwa kwenye nyundo ya plastiki yenye tundu, ambayo ikipigwa juu ya kitu kigumu hulizuia ganda na kukiacha kichwa kichomoke kwa uzito wake pamoja na baruti. Vichwa vilitiwa kwenye boksi la vichwa, baruti ikapelekwa uwanjani, na maganda, yakiwa bado na fataki zilizo hai, yakafyatuliwa matupu kwenye bastola huko nje, kisha yakaingizwa katika mashine ya kusafishia.